Kidole cha sita, na jinsi mkono unavochomoza tumboni

Mtoto wa dadangu kajifungua hapa Lamu, mtoto wa kiume mashallah, mkono wa kulia una vidole vitano na wa kushoto una sita. Hicho cha sita kiko pembeni ya kidole cha mwisho, kidogo kama punje ya kunde, kina ukucha wake kabisa, na kimeshikwa na kingozi chembamba hata ukikigusa kinazunguka. Mavyaa yake alipomuogesha mtoto siku ya tatu hakusema neno, alienda akachukua uzi wa kushonea kofia akakifunga pale shinani, akaendelea kumpaka mtoto mafuta kama hakuna kitu. Walosema ni wageni. Mmoja aliingia kumuona mzazi, akakashika kale kakono akakageuza huku na huku, alafu mbele ya watu wote akamuuliza mamake, "We mwana, ulimcheka nani?"

Usiku yule msichana akalia. Akaniuliza, "Ma'mdogo, nilifanya nini mie?"

Mimi nafundisha bayolojia. Jibu la mkato ni kwamba hakufanya kitu, lakini mtu alouliziwa vile mbele za watu jibu la mkato halimtoshi, anataka kujua basi kama sio mimi ni nini. Kwa hivo nilikaa naye nikamueleza tangu mwanzo, na ndo nayoyaandika hapa, manake najua sio yeye peke yake anayelala na swali hili.

Tuanze na siku. Mkono huanza kuonekana kama siku ya 26 tangu mimba itungwe, na nasema tangu itungwe, sio tangu hedhi ya mwisho, ukihesabu na hedhi ongeza wiki mbili hivi. Siku hiyo kiinitete kina urefu wa kama milimita 4, hakijafika punje ya mchele. Moyo ushaanza kupiga siku chache kabla, mkia upo, uso bado. Na ubavuni kunatokea uvimbe mdogo kama chunusi, mmoja kila upande. Huo ndo mkono. Kama siku mbili baadaye chini yake inatokea mingine miwili, na hiyo ndo miguu. Mguu unachelewa hivohivo kidogo nyuma ya mkono safari yote.

Ndani ya kile kichomozo hamna mfupa, hamna msuli, hamna neva. Kuna seli laini za aina moja zimesongamana kama unga ulokandwa, na juu yake kingozi chembamba. Misuli haizaliwi pale, inahamia. Mgongoni mwa kiinitete kuna pingili zimepangwa kulia na kushoto, hizohizo zinazotoa mifupa ya uti wa mgongo, na kutoka kwenye pingili hizo seli za misuli zinatambaa mpaka ndani ya mkono unaokua na kujipanga huko, neva nazo zinakuja kutoka uti wa mgongo zikizifuata. Kwa hivo msuli wa mkono wako ni mgeni aliyehamia zamani, mfupa ndo mwenyeji.

Kwa nini pale na sio shingoni au kiunoni? Kuna familia ya jeni zinaitwa Hoksi ambazo kazi yake ni kugawa mwili kuanzia kichwa mpaka mkia, kila eneo lijijue, na katika usawa fulani zinaruhusu jeni ingine iitwayo TBX5 iwashwe, na TBX5 ikiwaka hapo pataota mkono. Mguu una TBX4 na mwenzake PITX1. TBX5 hiyohiyo inafanya kazi kwenye moyo pia, kwa hivo kuna watu wanazaliwa na jeni hiyo ina kasoro na wanakuwa na shida ya gumba au mkono pamoja na shida ya moyo, na ndo maana daktari makini akiona gumba limekaa vibaya ataweka kipimo kifuani asikilize na moyo. Mzazi akiona hivo asiogope akadhani daktari kachanganyikiwa.

Sasa tuje kwenye penye utamu.

Ukienda Matondoni kuona jahazi likiundwa hukuti karatasi ya mchoro. Fundi mchoro anao kichwani, anaanza na mkuku, anafatiza mataruma, anarudi nyuma hatua mbili anafumba jicho moja kuangalia limekaa sawa. Mkono wa mtoto nao hauna karatasi, lakini tofauti ni kwamba hakuna fundi anayerudi nyuma kuangalia, na hapa ndo watu wanakwama, hata wanafunzi wangu kila mwaka wanakwama hapahapa. Kila seli ni ubao na ni fundi papo hapo. Haiuoni mkono mzima, inachojua ni majirani wanasema nini na yenyewe imetoka wapi. Na jeni sio picha ya mkono, usitafute mahali palipoandikwa "vidole vitano" hutapaona, kilichopo ni amri ndogondogo za ukisikia hivi fanya vile, na vidole vitano vinatokea mwishoni amri zote zikifuatwa kwa zamu yake. Subhanallah, nafundisha somo hili miaka na bado nikifika hapa nasimama kidogo.

Kila seli mle ndani ina mambo matatu ya kujua. Niko mbali kiasi gani na bega. Niko upande wa gumba au upande wa kidole cha mwisho. Na niko kiganjani au nyuma ya mkono.

La kwanza lilianza kufumbuliwa na mayai ya kuku. Mwaka 1948 Mmarekani John Saunders alichukua mayai yalokaa kwenye joto siku tatu hivi, wakati kibawa cha kifaranga ndo kinachomoza. Uzuri wa yai ni kwamba unaweza kutoboa kidirisha kwenye ganda, ukafanya kazi yako, ukaziba, na kifaranga kikaendelea kukua. Yeye aliona kwamba pembeni ya kile kichomozo, kwenye ncha yake, ngozi imenyanyuka kikawa kiukingo kama mshono wa kanzu. Akaukata. Alipoukata mapema, bawa liliota mfupa wa juu tu, ule wa karibu na bega, likaishia hapo. Alipoukata siku ya baadaye likafika mpaka kigasha, kiganja hakuna. Baadaye zaidi ni vidole tu vilivokosekana. Maana yake mkono hujengwa kutoka begani kwenda vidoleni kwa mfululizo, na kile kiukingo ndicho kinachosema endeleeni, endeleeni.

Kinasemaje? Kinatoa protini, familia yake inaitwa FGF. Seli za ndani zinatoa FGF10 kuiambia ngozi "kaa hapo usiondoke", ngozi inajibu kwa FGF8 kuziambia seli za ndani "zidini kugawanyika", na mazungumzo hayo yakikatika upande wowote mkono unasimama. Mwaka 1993 watu walitoa ule ukingo wakaweka badala yake vishanga vidogo vilivochovywa kwenye protini ya FGF, na bawa likaendelea kama kawaida. Mwaka 1995 wakaenda mbali zaidi, wakaweka kishanga cha aina hiyo ubavuni mwa kiinitete cha kuku, katikati ya bawa na mguu mahali ambapo hapaoti kitu, na ikaota bawa au mguu wa ziada. Yani ule ubavu wote ulikuwa unaweza kuota, ulikosa wa kuuambia tu.

Na kuna jaribio moja mimi nalipenda kuliko yote. Saunders na wenzake walichukua kipande cha nyama ya mahali ambapo pangekuja kuwa paja la kuku, wakakipandikiza kwenye ncha ya bawa chini ya ule ukingo. Kingekuwa nini, paja lililoota bawani? Au ncha ya bawa? Kikawa kidole cha mguu chenye kucha. Fikiria hapo kidogo. Seli zilikumbuka kwamba sisi ni wa mguu, hilo lilishaamuliwa kitambo, lakini kuhusu umbali zikasikiliza mahali zilipo, na mahali zilipo ni nchani, kwa hivo zikatengeneza ncha ya mguu.

Zile jeni za Hoksi nazo zinarudi hapa kwa kazi ingine. Mkono ukiupapasa mwenyewe utaona mpango wake, juu mfupa mmoja, kigasha mifupa miwili, alafu kifundo na kiganja na vidole, jumla mkono mmoja kutoka kifundoni kwenda chini ni mifupa 27. Kila kipande kina namba yake ya Hoksi. Panya waliozimiwa Hoksi namba 11, hiyo kazi ilitolewa mwaka 1995, walizaliwa karibu hawana kigasha, kiganja kimekuja kukaa karibu na kiko cha mkono.

La pili ndo la kidole chetu cha sita, kwa hivo nitakaa hapa.

Chukua chumba kirefu chembamba, kama vile vya nyumba zetu za mawe hapa mjini. Weka chetezo cha udi upande mmoja wa chumba, alafu kalisha watu kwenye mstari mpaka upande wa pili. Aliyekaa karibu na chetezo nguo zake zitanukia mpaka kesho, wa katikati anapata harufu ya kiasi, wa mwisho labda hajui hata kama kuna udi umewashwa. Sasa ungewaambia, kila mtu ajue kazi yake kwa harufu anayopata, ukipata kali sana wewe ni kidole cha mwisho, ukipata kidogo wewe ni cha shahada, usipopata kitu wewe ni gumba. Hakuna haja ya kumpa mtu namba wala kumwambia amekaa wapi. Pua inatosha.

Ndivo ilivo kwenye kile kichomozo. Chetezo kiko kona ya nyuma, upande wa kidole cha mwisho. Mwaka 1968 Saunders na mwenzake Mary Gasseling walikata kipande cha kona hiyo kwenye kiinitete cha kuku kimoja wakakipandikiza upande wa pili wa bawa la kingine, yani chumba kimoja kikawa na vyetezo viwili, huku na huku. Bawa la kuku lina vidole vitatu, siku ukila bawa litazame vizuri nchani utaviona vimegandana. Lile bawa likatoka na vidole sita, vimepangwa kama vinajitazama kwenye kioo, vya nyuma vimekaa nje huku na huku, vya mbele vimekutana katikati. Mwingereza Lewis Wolpert ndiye aliyeifanya hesabu hii ya harufu kuwa nadharia ya kueleweka, kwamba seli hujua ilipo kwa kupima kiasi cha kitu kinachosambaa kutoka kona moja.

Udi wenyewe ulikuja kujulikana mwaka 1993, ni protini, na jina lake lina hadithi. Zamani kidogo Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus walikuwa wakiharibu jeni za nzi moja moja kuona kila moja inafanya nini, kazi yao ya 1980 iliyowapa tuzo ya Nobel mwaka 1995, na kuna jeni ikiharibika buu la nzi linatoka limejaa vijimiba, wakaiita kalunguyeye kwa lugha yao. Baadaye wengine wakakuta wanyama wenye uti wa mgongo wana kalunguyeye zaidi ya mmoja, na huyu wa mkono wakampa jina la Sonic, yule kalunguyeye wa buluu wa kwenye gemu ya video. Kwa hivo protini iliyopanga vidole vyako unavoshikia simu saa hii inaitwa Sonic, na nikiwaambia wanafunzi hawaamini mpaka waone kitabuni.

Nisiache mfano ukadanganya lakini. Harufu peke yake haitoshi, muda pia unahesabiwa, seli iliyokaa kwenye moshi muda mrefu inakuwa tofauti na iliyopitiwa tu, na seli za kona yenyewe zinazotengeneza Sonic ndizo zinazokuja kuwa vidole vya mwisho. Na gumba halihitaji Sonic kabisa. Panya asiye na Sonic anabaki na kidole kimoja cha mguu, kinachofanana na gumba.

Sasa, jeni ya Sonic ina swichi yake ya mkono, na swichi hiyo iko mbali na jeni yenyewe, kama herufi milioni moja za DNA katikati, ni kama taa ya nyumbani Lamu swichi yake iwe Mokowe. Swichi ikikosewa herufi moja tu Sonic inaweza kuwaka kidogo upande wa gumba pia, mahali pasipotakiwa, na hapo linatoka gumba la ziada. Wale paka wa vidole sita wa nyumba ya Ernest Hemingway kule Key West, Florida, ni swichi hiyo, na baadhi ya binadamu wenye gumba mbili ni hiyohiyo. Nyoka wao swichi yao iliharibika zamani za kale. Mwaka 2016 kuna watu walitoa swichi ya panya wakaweka ya nyoka, na panya wale wakakosa miguu ya maana, vikabaki vijiti tu.

Lakini kidole cha mtoto wetu kiko upande wa pili, wa kidole cha mwisho, na hicho sio habari ya swichi hiyo. Ni aina ingine, na kwa watu wenye asili ya Afrika ni jambo la kawaida kabisa, linatokea kwetu mara nyingi kuliko kwa Wazungu. Mara nyingi linapita kwenye damu ya ukoo, na linaweza kuruka mtu, baba asiwe nacho na mtoto akawa nacho. Moja ya jeni zinazohusika inaitwa GLI3, na kazi ya GLI3 ni nini? Ni kuisikia Sonic na kuitii. Yani ni pua.

Nilipofika hapo yule msichana akanyamaza, alafu akaenda kumuita mavyaa yake. Yule mama akaja akakaa kitandani, akanyoosha mkono wake wa kushoto bila kuombwa. Pembeni ya kidole cha mwisho kuna kinundu kidogo kigumu kama chunjua. "Mamangu alinifunga uzi," akasema, "na mjomba wangu pia alikuwa nacho." Miaka yote mkono ule unapika na kusuka ukili mbele za watu na hakuna aliyeuliza alimcheka nani.

Kuhusu uzi niseme moja, kwa heshima zote za wakubwa wetu. Kidole kikiwa kimeshikwa na ngozi tu kufungwa kunaweza kukiangusha, lakini uzi wa nyumbani haukai sawa, unaweza kuleta usaha kwa mtoto wa siku tatu, na mara nyingi unabakiza kinundu kama kile. Na kikiwa na mfupa ndani kisifungwe kabisa. Tulikata uzi tukampeleka mtoto hospitali, daktari akakitazama, kazi ikawa ndogo na safi.

La tatu, kiganja na nyuma ya mkono, nalipitia haraka. Ngozi ya upande wa nyuma inatoa protini iitwayo WNT7A, na protini hiyo inawasha LMX1B kwenye seli zilizo chini yake, ikiwaka wewe ni upande wa kucha, isipowaka wewe ni kiganja. Kuna watu LMX1B yao ina hitilafu, wanazaliwa na kucha mbovu na vibao vya goti vidogo au havipo, na wengine figo zao huumia baadaye.

Vidole sasa. Watu wengi wanadhani vidole vinachipua kama matawi ya mti, hapana. Kinachotokea kwanza ni kiganja bapa kama kijiko, wiki ya sita hivi, ndani yake kunajichora mistari mitano minene ya gegedu, na katikati ya mistari kuna nyama imejaa. Alafu nyama hiyo inakufa. Haiozi wala haiugui, inapewa amri ya kufa nayo inatii, kila seli inajikunja, inajikata vipande, majirani wanazimeza. Kufika kama siku ya 56 vidole vyote vimeachana, vya mkono kwanza, vya mguu siku chache baadaye. Vidole tunavyo kwa sababu kuna seli zilikufa katikati yake.

Mtazame bata wa jirani na kuku wako. Vidole vya miguu vyote vinaanza na nyama katikati, vyote vinapata amri ya kufa kutoka kwa protini za BMP, ila bata katikati ya vidole anatengeneza protini ingine iitwayo Gremlin inayoizuia ile amri, kwa hivo utando unabaki anaogelea. Walipoweka kishanga cha Gremlin kwenye mguu wa kifaranga cha kuku, utando ukabaki kama wa bata. Popo naye bawa lake ni hivohivo, ni vidole virefu kupita kiasi na ngozi ya katikati ambayo haikufa. Na mtoto akizaliwa vidole viwili vimegandana ni seli ambazo amri haikuzifikia vizuri.

Wiki hizo kuna na mzunguko. Mwanzo mikono na miguu inachomoza kwa nje imefanana, alafu mikono inajizungusha robo duara kwenda nje na miguu robo duara kwenda ndani, ndo maana viko vya mikono vinatazama nyuma na magoti yanatazama mbele. Gegedu nalo linaanza kugeuka mfupa kuanzia wiki ya nane hivi, kazi ambayo haimalizikii tumboni, mtoto mchanga ukimpiga eksrei kifundo cha mkono utadhani hana mifupa pale, ni gegedu bado, na kwenye mifupa mirefu inaendelea mpaka mtu anamaliza kurefuka.

Na mpango huu sio wetu peke yetu, huku kwetu mifano imejaa. Nguva, wale wachache walobaki kwenye bahari ya Lamu na Kiunga, pezi lake la mbele ndani lina mfupa mmoja, miwili, alafu vidole vitano. Pomboo wakiwa viinitete wanachomoza miguu ya nyuma kabisa kama mtoto wa binadamu, kisha inasimama na kupotea. Punda anayepita na mchanga mbele ya mlango wako anatembea na kidole kimoja kila mguu, kile cha kati, kwato ni ukucha wake, na pale mbele tunapopaita goti lake kwa kweli ni kifundo cha mkono. Mwaka 2001 meli ya uvuvi ilimnasa silakanthi bahari ya Malindi, samaki aliyedhaniwa ametoweka tangu zama za dainosaria mpaka akaonekana Afrika Kusini mwaka 1938, na mapezi yake hayakuota mwilini moja kwa moja kama ya changu, yamekaa juu ya kikono chenye nyama, na kinachokiunga kikono hicho na mwili ni mfupa mmoja, kama bega letu.

Limebaki moja na halipendezi, lakini mwenye swali la "nilifanya nini" anastahili kulisikia, manake lipo kweli jambo la nje ambalo huvunja mikono tumboni, na ukilijua utajua pia lisilovunja. Mwaka 1957 Ujerumani Magharibi walianza kuuza dawa ya thalidomidi ya kulala na kutuliza, wajawazito wakaitumia kwa kichefuchefu, ikaenda nchi nyingi. Huko iliondolewa sokoni mwisho wa 1961, na kwa jumla duniani zaidi ya watoto 10,000 walizaliwa wameathirika, wengi na mikono au miguu mifupi, wengine kiganja kimeota karibu na bega. Marekani waliponea sana kwa sababu Frances Kelsey, daktari aliyekuwa akipitia maombi ya dawa, alikataa kuipitisha kwa kuwa ushahidi haukumridhisha. Siku za hatari zilikuwa kama ya 20 mpaka ya 36 tangu mimba itungwe, nje ya hapo mikono ilipona. Ilichukua mpaka 2010 Wajapani kuona inashika protini gani mwilini, na 2018 ikaonekana inazifanya seli ziharibu protini ingine, SALL4, ambayo mkono unaihitaji. Panya haiwadhuru hivo, kwa hivo majaribio ya panya yasingeonyesha. Dawa hiyo bado inatumika leo kwa matatizo ya ukoma na kwa saratani moja ya damu, kwa masharti makali mno kwa wanawake. Kwa hivo dawa yoyote, hata ya dukani, hata ya majani, mwenye uwezekano wa mimba amuulize daktari kwanza. Kumcheka mtu hakumo kwenye orodha. Kutazama kitu hakumo, wala kula pweza.

Yule msichana akataka kujua siku zake zilikuwa lini. Tukachukua kalenda ya ukutani tukahesabu kurudi nyuma. Siku ya mikono kuchomoza iliangukia wiki ya Maulidi, yale mashindano ya punda, hedhi ilikuwa imechelewa kama siku kumi na mbili akadhani ni uchovu wa wageni. Vidole kuachana kukaangukia mwezi uliofuata, wiki ambayo alikuwa kwa mamake Shela wakimenya kamba wa harusi, na alikuwa bado hajaenda klinik hata mara moja. Akaweka kidole chake kwenye kile kisanduku cha tarehe, mtoto amemlaza mapajani, kale kakono ka kushoto kana kibandeji kadogo pembeni.

"Wiki hii," akasema. "Nilikuwa namenya kamba."